Jina la Saa na Jina la Sifa

Mjaluo wa Homa Bay au Migori hupewa jina la kwanza lisilo na fumbo. Aliyezaliwa usiku ni Otieno, wa alfajiri ni Omondi, wa wakati wa mvua ni Okoth, wa jua kali ni Ochieng. Msichana wa asubuhi ni Akinyi. Ukiijua lugha, umeijua saa ambayo mkunga alikuwa kazini. Jina la pili mtu hulitunga mwenyewe, tena hulilipia.

Hilo ndilo pakruok. Mpigaji wa nyatiti, ala ya nyuzi nane, ameketi kwenye kigoda, njuga mguuni, pete ya chuma kidoleni mwa mguu ikigonga ubao. Katikati ya wimbo mtu anainuka, anatoa noti, nyuzi zinanyamaza. "Mimi ni mkuyu wa ukingoni mwa Kuja," anasema. "Mafuriko yakipita, mnanikuta papo hapo." Watu wa Nyatike, ambao mto huo huwazolea mahindi shambani, wanaelewa upesi: huyu amefiwa, amefilisika, na bado amesimama. Mwingine atajitaja kwa ukoo wa mama yake, kwa rafiki, kwa mpenzi wa ng'ambo ya ziwa, hata kwa ng'ombe asio nao. Angeyasema hayo sokoni saa nne asubuhi, angeitwa mwongo. Hapa noti imetolewa na nyuzi zimetulia, na kila aliyeketi anajua kwamba kuanzia sasa maneno yanapimwa kwa mizani nyingine. Muziki ukirudi, mizani ya kila siku nayo imerudi.

Ndiyo maana naamini kwamba kwa watu hawa fumbo hukaa mahali na saa neno linaposemwa. Kamusi haitakusaidia sana. Chukua goyo dala, kuanzisha boma jipya. Neno kwa neno ni "kupiga boma", na Mswahili hatashangaa, maana naye hupiga kambi. Lakini katika desturi hiyo baba hutoka na mwanawe wa kwanza wakiwa na jogoo na shoka, mke naye akiwa na moto, na vyote hivyo ni vya kushikwa mkononi. Kitenzi ni cha mafumbo, jogoo ni jogoo. Au ayie, yaani "nakubali", ambalo limekuwa jina la fedha anazopelekewa mama wa binti anayeposwa.

Tero buru ni zito zaidi. Maana yake ni kupeleka vumbi. Mzee mwenye boma akifa, moto wa magenga huwashwa uani, kisha wanaume huswaga ng'ombe kwa mikuki, marungu na vilio hadi mbali na nyumbani, kukifukuza kifo. Vumbi ni la kweli, linaingia machoni na kooni. Adui haonekani. Aliyewahi kusimama kando ya njia kundi hilo likipita hawezi kusema kwa urahisi kwamba ni mfano tu, kwa sababu jasho la wale wanaume si la maigizo na wengine hurudi wametulia kuliko walivyoondoka. Nami sitaki kulazimisha mpaka pale ambapo wenye msiba hawakuuweka.

Zamani watoto walifundishwa haya katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee ambamo wasichana walilala na hadithi zikatambwa. Bibi husema, "Jarikni jamuod nyoyo gi kuoyo": mwenye haraka hutafuna nyoyo pamoja na mchanga. (Msomaji wa pwani asidhani ni mioyo, ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja.) Mtoto mdogo hukitazama chakula chake akitafuta mchanga. Dada yake ananyamaza, kwa kuwa anajua ni nani aliyekurupuka jioni ile. Mtoto huyohuyo akiambiwa babu onindo, amelala, atauliza ataamka lini, na mtu mzima itambidi achague neno jingine.

Kuna wakati kutojua neno limesemwa kwa maana ipi kuligharimu uhai. Chira ni maradhi ya kukonda na kudhoofika yanayoaminika kumpata aliyevunja mwiko. Ukimwi ulipotambuliwa nchini Kenya mwaka 1984, kisha ukaenea kando ya ziwa, na Homa Bay ikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia kuliko zote, familia nyingi zilisema: ni chira. Kwa mmoja hiyo ilikuwa imani kamili, na kwa mwingine pazia la kumsitiri marehemu. Matangani huwezi kumwuliza mfiwa anakusudia ipi kati ya hizo mbili. Basi mjane akafarijiwa, akarithiwa, na aliyemrithi hakujua ameingia wapi. Bado inaniuma kufikiri kwamba tafsida, adabu yetu nzuri kuliko zote, iliyaficha haya.

Siku hizi, katika mazishi ya Ndhiwa au Rongo, unaweza kumsikia ndugu wa marehemu akishika maikrofoni na kuutaja ugonjwa kwa jina lake, mchana kweupe, wazee wakisikiliza. Usiku ngoma za ohangla zinaanza, mtu anainuka na noti mkononi, na yule aliyezikwa mchana anatajwa tena: mkuyu wa ukingoni mwa Kuja.