Majengo Matatu ya AICC

Wajukuu zangu wa Kwa Mrombo, siku mkipanda kifodi kwenda mjini Arusha, msiishie sokoni. Mwombeni mkubwa mmoja awapandishe juu kidogo ya mnara wa saa, si mbali na Mto Themi. Mtaona majengo matatu marefu yaliyoshikana: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Ndiyo AICC, Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha. Dar es Salaam ina maghorofa yanayoyapita mbali kwa urefu, ila mambo yaliyosemwa humu ni mazito mno.

Hayakujengwa kwa ajili ya mikutano. Mwaka 1967 Tanzania, Kenya na Uganda ziliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao makuu yakawa Arusha. Reli, bandari, posta na ndege vikawa vya wote. Majengo haya yalikusudiwa kuwa ofisi zake. Kisha majirani wakagombana. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na nyumba ikakosa wenyewe. Mwaka uliofuata ikawa kituo cha mikutano.

Agosti 1993, serikali ya Rwanda na wapiganaji wa RPF walitia saini mkataba wa amani hapa Arusha. Saini zile hazikuzuia mauaji ya kimbari ya 1994. Nawaambia wazi, maana watoto huaminishwa kwamba watu wakishapeana mikono ugomvi umekwisha.

Umoja wa Mataifa ukaunda mahakama ya kuwahukumu wahusika, nayo ikakaa katika majengo haya haya. Mashahidi wengi walikaa nyuma ya pazia, wakiitwa kwa herufi badala ya majina, ili wasije wakadhuriwa wakirudi kwao. Shahidi alieleza kwa Kinyarwanda. Mkalimani akayageuza maneno kuwa Kifaransa, na mwenzake akayapokea na kuyatia katika Kiingereza. Hebu fikirieni: mama anasimulia alivyopoteza watoto wake, ananyamaza, na jaji mwenye hedifoni masikioni bado anangoja sentensi yake ya mwisho imfikie. Haki ilikwenda polepole namna hiyo. Mimi naiheshimu kwa sababu hiyo hasa: kila neno la mama yule lilisubiriwa.

Tarehe 2 Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alipatikana na hatia. Ilikuwa mara ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Mahakama ilifunga kazi mwishoni mwa 2015.

Warundi nao walikuja Arusha kutafuta amani. Mwalimu Nyerere aliwasuluhisha hadi alipofariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akaendelea, na mkataba ukatiwa saini Agosti 2000.

Na ile Jumuiya? Mkataba wa kuifufua ulitiwa saini hapa hapa Arusha, Novemba 1999. Tangu 2012 ina jengo lake, jirani tu na AICC. Mkifika, pitieni na hapo. Nchi zilizoanza zilikuwa tatu. Sasa, Somalia ikiwamo, ni nane.