Majina Mengi, Mwenyewe Mumoja

Wasomaji wengi hufikiri kwamba inchi yenye magazeti mengi ina mawazo mengi vilevile. Neno hili linataka kuchunguzwa. Tutwae mufano wa Ufaransa, kwa sababu sisi wengi tunasoma habari za dunia kwa Kifaransa, na Canal+ ya kule inauzwa hata katika miji yetu ya Kongo.

Gazeti linakula feza: karatasi, mashine, mishahara, safari za waandishi. Bei anayolipa musomaji haitoshi. Zamani matangazo ya biashara yalijaza pengo, lakini siku hizi sehemu kubwa ya feza hiyo inakwenda kwa intaneti. Basi gazeti lenye hasara linatafuta tajiri. Tangu mwaka 1987 televizio TF1 ni ya Bouygues, kompani ya kujenga majumba na barabara. Tangu 2004 Le Figaro ni la jamaa ya Dassault, watengenezaji wa ndege za vita. Bernard Arnault, tajiri wa manukato na mifuko ya bei kali, alinunua Les Échos mwaka 2007 na Le Parisien mwaka 2015. Hakuna hata mumoja wao aliyetajirika kwa kuuza habari. Na ndege za vita, munajua, mununuzi wake ni serkali; nani atashangaa kalamu ikiwa nzito siku ya kuandika juu ya bei yake?

Je, mwenyewe anaamuru uongo uandikwe? Mara nyingi hana haja. Anachagua mukubwa wa waandishi, mukubwa anachagua watu, na watu wanachagua maneno ya kuuliza na maneno ya kunyamazia. Kila mutu anafanya kazi yake bila kupokea amri yoyote, lakini jambo fulani halionekani kamwe katika gazeti.

Mufano unaojulikana zaidi ni wa Vincent Bolloré, ambaye jina lake lilionekana katika bandari nyingi za Afrika mpaka kundi lake lilipouza kazi hiyo ya mizigo mwaka 2022. Alipokwisha kushika Canal+, waandishi wa televizio yake ya habari, iTélé, waligoma siku 31 mwaka 2016. Hawakupata walichotaka, na wengi wakatoka. Mwaka 2017 televizio ikabadilishwa jina ikawa CNews, na polepole ikageuka baraza la mabishano ya siasa ya upande wa kuume. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Journal du Dimanche, gazeti la Lagardère, kompani ambayo Vivendi ya Bolloré ilikuwa karibu kuishika kabisa. Waliletewa mukubwa mupya, Geoffroy Lejeune, aliyetoka katika gazeti la siasa kali. Waandishi wakagoma siku 40. Lejeune akaingia vilevile, na walio wengi wakaenda zao.

Wenye kumutetea Bolloré wanajibu: watu wanapenda. Ni kweli, mwaka 2024 CNews ilianza kupita televizio nyingine za habari kwa hesabu ya watazamaji. Wanasema tena kwamba mawazo hayo hayakupata nafasi mbele. Jibu hili lina haki yake. Lakini waandishi wale hawakulalamika kwamba sauti mupya imeongezwa Ufaransa. Walilalamika kwamba sauti iliyokuwamo imeondolewa, na jina la gazeti likabaki lile lile, hata musomaji wa Jumapili akalinunua kwa mazoea.

Na sheria? Mwaka 1984 Baraza la Katiba la Ufaransa lilisema kwamba wasomaji wapaswa kuweza kuchagua kwa uhuru, bila serkali wala wenye mali kuwachagulia. Neno zuri sana. Lakini sheria ya mwaka 1986 inapima kwa kipimo cha zamani: mutu asishike zaidi ya asilimia 30 ya magazeti ya habari yanayotoka kila siku. Magazeti ya wiki hayahesabiwi. Kwa kipimo hicho Journal du Dimanche, linalotoka Jumapili tu, si kitu.

Iko sheria nyingine, ya mwaka 1935, ambayo mimi naiona ya akili kuliko zote. Gazeti likiuzwa, ao likigeuza mwendo wake hata kuumiza zamiri ya mwandishi, yeye anaweza kutoka na kulipwa kama amefukuzwa: angalau mushahara wa mwezi mumoja kwa kila mwaka wa kazi. Inamulinda mwandishi. Lakini kila anayetoka kwa mulango huo anamuachia mwenyewe kiti kitupu cha kujaza apendavyo, na musomaji hana mulango wake.

Februari 2024 Conseil d'État, mahakama kuu ya mashauri ya serkali, iliamuru Arcom, ofisi inayosimamia radio na televizio, isihesabu tena dakika za wanasiasa tu, bali iangalie pia mawazo ya wote wanaosema, watangazaji na wageni pamoja. Ni hatua ya kweli. Lakini Arcom inapima kila televizio peke yake. Haijumlishi nyumba zote za mwenyewe mumoja, na magazeti hayako chini yake, wala vitabu vya Hachette, nyumba kubwa ya vitabu iliyoingia mikononi mwa Vivendi pamoja na Lagardère mnamo Novemba 2023.