Simu moja ilivyomwingiza mchezaji 'feki' Ligi Kuu England, na kwa nini watu bado wanaingia mkenge

Novemba 1996, simu iliita kwa kocha wa Southampton, Graeme Souness. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni George Weah, mwanasoka bora wa dunia wa mwaka 1995. Alisema ana binamu yake, straika, amewahi kukipiga PSG na timu ya taifa ya Senegal. Je, Southampton wangependa kumjaribu?

Southampton walikuwa na majeruhi wengi. Wakakubali.

Shida ni kwamba aliyepiga hakuwa Weah. Na "binamu" huyo, Ali Dia, hakuwahi kuichezea PSG wala hakuwa na undugu na Weah.

Dakika 53 za aibu

Klabu ilimpa Dia mkataba wa mwezi mmoja. Ilipangwa acheze kwanza mechi ya timu ya akiba dhidi ya Arsenal ili kocha amwone, lakini uwanja ulijaa maji na mechi ikaahirishwa. Kwa hiyo nafasi pekee ya kumpima ikapotea.

Novemba 23, Southampton wakacheza na Leeds. Dakika ya 32 nyota wao, Matt Le Tissier, akaumia. Souness akamwingiza Dia.

Kilichofuata kila mtu uwanjani alikiona. Jamaa alikuwa anakimbia huku na kule bila kujua asimame wapi. Miaka baadaye Le Tissier alimfananisha na Bambi, yule mtoto wa paa wa kwenye katuni, akiwa juu ya barafu. Dakika ya 85 Dia akatolewa. Aliingia akitokea benchi, akarudi benchi. Leeds walishinda 2-0, na hakuichezea tena Southampton. Dia mwenyewe amekana kuwa tapeli.

Timu nzima nayo ilikuwa feki

Ukidhani kumchomeka mchezaji mmoja ni kali, subiri ya Bahrain.

Septemba 7, 2010, Bahrain waliwakaribisha Togo kwenye mechi ya kirafiki na kushinda 3-0. Badala ya kufurahi, kocha wa Bahrain, Josef Hickersberger, alilalamika. Wageni hawakuwa hata na pumzi ya kumaliza dakika 90.

Taarifa zilipofika Lomé, viongozi wa soka wa Togo walishangaa: hawakuwa wametuma timu yoyote. Timu halisi ilikuwa imecheza Botswana siku chache tu kabla. Waliovaa jezi Bahrain hawakuwa wachezaji wa taifa. Shirikisho la Togo likamfungia kocha wake wa zamani, Tchanile Bana, miaka mitatu kwa kuhusika na safari hiyo.

Hapa haikuwa mzaha tena. Jina la Singapore likaingia pia, kwa sababu Wilson Raj Perumal, mpangaji matokeo maarufu kutoka huko, alihusishwa na mechi hiyo. Kumbe timu dhaifu ina thamani kubwa kwa mtu anayetaka kula hela za kubeti.

"Siku hizi kuna intaneti"

Wengi watasema hayo ni ya zamani, leo unaingia mtandaoni na kuona kila kitu. Lakini intaneti nayo inaweza kukupiga changa la macho.

Januari 2009, gazeti la The Times la London lilitoa orodha ya vijana 50 wa kutazamwa kwenye soka. Nafasi ya 30 alikuwa Masal Bugduv, miaka 16, kutoka Moldova, akihusishwa na Arsenal. Mchezaji huyo hayupo duniani. Mtu alimtunga, akamwandikia habari za uongo huku na kule mtandaoni, wengine wakanakili. Jina lake kwa matamshi linafanana na maneno ya Kiayalandi yenye maana ya "punda wangu mdogo mweusi".

Habari moja ya uongo ikinakiliwa sehemu tano, inaonekana kama ina ushahidi mara tano. Ndivyo inavyokuwa hata leo ukiona "usajili umekamilika" kwenye magrupu saba ya WhatsApp. Yote saba yanaweza kuwa yamechota kisima kimoja.

Kwa nini ujanja huu unafanya kazi?

Visa vyote vitatu vina mambo mawili yanayofanana.

Kwanza, jina kubwa. Weah, Togo, Arsenal. Jina likitajwa, watu wanaacha kuuliza.

Pili, haraka au hamu. Southampton walitaka straika, Bahrain walitaka mechi, gazeti lilitaka kipaji kipya. Mtu mwenye shida anaona anachotaka kuona.

Dawa yake ilikuwa rahisi: simu moja kwa PSG, moja kwa shirikisho la Togo, moja kwa klabu yoyote ya Moldova. Hakuna aliyepiga kwa wakati.

Anayeumia zaidi ni kijana wa mtaani

Southampton waliambulia kuchekwa tu. Lakini ujanja uleule ukigeuzwa unaumiza. Sehemu nyingi za Afrika, mtu anayejiita wakala anamfuata kijana mwenye kipaji, anataja klabu kubwa ya Ulaya na kuahidi majaribio. Kisha anataka hela ya viza na tiketi, na anaitaka wiki hiyohiyo. Familia inauza shamba, jamaa anazima simu. Wapo vijana wanaofikishwa kweli ugenini na kutelekezwa huko.

Kabla ya kutoa hata shilingi, angalia haya:

• Wakala ana leseni? FIFA wana orodha ya mawakala wenye leseni kwenye tovuti yao.

• Kijana ana miaka mingapi? Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu.

• Klabu yenyewe inasemaje? Tafuta mawasiliano yake kwenye tovuti rasmi na uulize. Usitumie namba uliyopewa na wakala, maana anayepokea anaweza kuwa mwenzake.

Na akikuambia hakuna muda wa kuuliza, huo ndio muda wa kuuliza.