Makumbusho Madogo na Elimu ya Siasa: Mafunzo Kutoka Rungwe

Katika vyuo vyetu na katika matawi ya Chama, ziara ya makumbusho imezoeleka kuwa siku ya mapumziko. Basi hukodiwa, chakula hubebwa, picha hupigwa, na jioni wanafunzi hurudi wakiwa wameona mengi na kujifunza machache. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini mazoea hayo ni kosa, na kuonyesha namna ziara ya makumbusho madogo, pamoja na mahali pa kumbukumbu palipo wilayani, inavyoweza kuwa darasa kamili la itikadi.

Mfano wetu utakuwa Wilaya ya Rungwe. Tumeichagua kwa sababu mji wa Tukuyu hauna jumba kubwa la makumbusho linaloweza kumtisha mgeni kwa ukubwa wake. Kilichopo ni majengo, mashamba, vitu vya majumbani na kumbukumbu za wazee. Kada anayeweza kuyasoma haya ataweza kusoma makumbusho yoyote duniani. Asiyeweza, hata akipelekwa katika jumba lenye vyumba mia, atatoka kama alivyoingia.

Makumbusho ni ya nani?

Hakuna makumbusho yasiyo na upande. Mtu fulani huchagua kitu kipi kiwekwe mbele na kipi kibaki stoo. Nani aandikwe jina na nani aachwe bila jina. Uchaguzi huo ni kitendo cha kisiasa, hata kama aliyeufanya hakujua.

Historia ya nchi yetu inathibitisha hivyo. Jumba la Makumbusho la Dar es Salaam lilipofunguliwa mwaka 1940 lilikuwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Yaani nyumba ya kuhifadhi historia ya Watanganyika ilipewa jina la mtu aliyewatawala. Baada ya uhuru mwelekeo ulibadilika. Mwaka 1967 kilianzishwa Kijiji cha Makumbusho, ambamo nyumba za wananchi wa kawaida zilijengwa kwa mikono ya mafundi wa makabila yenyewe. Mwaka 1977 yakafuata Makumbusho ya Azimio la Arusha, na mwaka 1980 Makumbusho ya Maji Maji kule Songea. Kule Bujora, karibu na Mwanza, ngoma na zana za Wasukuma zilikuwa zimekwisha kupata nyumba yake kwa juhudi za Padre David Clement.

Kwa hiyo swali la kwanza la kada anapofika mlangoni ni hili: nyumba hii inamkumbuka nani, na inamsahau nani?

Boma: jiwe na kodi

Tukuyu ilijulikana kwa Wajerumani kwa jina la Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya, kwa kuwa Langenburg ya kwanza ilikuwa ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Walijenga boma lao kilimani, mahali pa kuona mbali na penye hewa ya baridi. Mwezi Mei mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliuteka mji, na mtawala mpya akakalia kiti cha mtawala wa zamani.

Tunapowauliza wanafunzi wetu nani alijenga boma la Tukuyu, karibu wote hujibu, "Wajerumani." Jibu hilo hupata alama katika mtihani, lakini kwa elimu ya siasa halitoshi. Wajerumani katika wilaya nzima walikuwa wachache. Nani alichonga mawe? Nani aliyabeba kupanda kilima? Aliacha shamba la nani bila kulimwa wakati akibeba? Ukuta ni ule ule, ila sasa unatueleza habari nyingine: mpango ulikuwa wa Mjerumani, na jasho lilikuwa la mwananchi.

Kazi ya boma nayo ieleweke. Tangu mwaka 1898 Wajerumani walitoza kodi ya nyumba, kwa kawaida rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Rupia haikuota mgombani. Ili kuipata, mtu alilazimika kuuza mazao, mifugo au nguvu za mikono yake. Hapo ndipo ilipoanzia njia ndefu iliyowapeleka vijana wa Rungwe kwenye mashamba ya walowezi, kisha, wakati wa Waingereza, kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya, na hata kwenye migodi ya nchi za kusini mwa Afrika. Boma halikuhitaji kumfunga kila kijana kamba. Kodi ilimtoa nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Kilometa chache kusini ya Tukuyu, huko Masoko, lipo Ziwa Kisiba, ziwa la kreta ya volkano, na kando yake lipo jengo lililokuwa kituo cha askari wa Kijerumani. Wageni hupenda kusimuliwa kwamba Wajerumani walipokimbia walitupa hazina ziwani. Hatuwezi kuizuia hadithi hiyo kupendwa. Lakini mkufunzi aisimamishe na kuuliza: hazina hiyo, kama ilikuwapo, ilitoka wapi? Ya ziwani ni hadithi tu. Iliyotoka katika nyumba za wananchi, rupia baada ya rupia, ni historia.

Jembe, chungu na jani la chai

Tuingie sasa katika vitu vidogo, ambavyo ndivyo uti wa mgongo wa makumbusho yoyote ya wilaya.

Jembe la kale la chuma ni kitu cha kwanza. Kabla ya ukoloni Wanyakyusa walipata majembe kutoka kwa wahunzi wa Kikinga, waliofua chuma katika milima ya Livingstone, na Wakinga nao walipata chakula na mifugo. Jembe moja ukutani kwa hiyo linabomoa uongo mmoja mkubwa: kwamba makabila yetu yaliishi yamejifungia, kila moja na mkuki wake, mpaka alipokuja mkoloni kuyaunganisha. Tena linatufundisha jinsi uchumi tegemezi unavyozaliwa. Majembe ya viwanda vya Ulaya yalipofika, tanuri za kuyeyushia chuma zilizimika. Ujuzi uliokuwapo haukuendelezwa, uliachwa ufe.

Chungu cha Wakisi ni kitu cha pili. Hufinyangwa na wanawake wa pwani ya Ziwa Nyasa, upande wa Ikombe na Matema, na huuzwa katika soko la Lyulilo na kupandishwa mpaka milimani. Mfinyanzi hukizungusha chombo kwa mkono, hukisugua mpaka king'ae, kisha hukipamba. Hii ni sanaa kamili. Lakini angalia kadi zinazobandikwa chini ya vyungu katika makumbusho mengi: utasoma jina la kabila na jina la aliyekusanya. Jina la mama aliyekifinyanga halipo. Mchoraji wa Ulaya huandikwa jina lake kwa wino mweusi. Msanii wetu mwanamke huitwa "kabila". Kosa hilo lilianzishwa na wakoloni, lakini sisi wenyewe tunaliendeleza kila tunapokusanya kitu bila kuuliza nani alikitengeneza.

Kitu cha tatu hakimo kabatini, bali kimetanda mabondeni: chai. Ilijaribiwa na Wajerumani huko Amani mwaka 1902 na Rungwe, katika Kyimbila, mwaka 1904. Shamba la chai nalo ni makumbusho yaliyo hai. Lionyesheni kwa wanafunzi, mkiwauliza: jani hili linachumwa na nani, linasindikwa wapi, linauzwa kwa bei iliyopangwa na nani? Mwanafunzi anayejibu maswali hayo matatu ameanza kuelewa uchumi wa dunia akiwa amesimama katika matope ya Rungwe.

Vilivyochukuliwa

Mgeni makini atauliza mbona vitu vingi vya kale vya Rungwe havionekani Rungwe. Jibu lake ni sehemu ya somo.

Daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, alifanya kazi katika nchi za Nyasa mwishoni mwa karne ya 19. Alikusanya vitu, akapiga picha na kupima miili ya watu, na mwaka 1906 akatoa kitabu kikubwa juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, miongoni mwao Theodor Meyer. Katika mji wao wa Herrnhut, Ujerumani, yapo makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1878, yenye vitu kutoka nchi walizofanyia kazi, ikiwamo nchi ya Wanyakyusa. Tuseme kweli: wamisionari hao waliacha shule, matibabu na maandishi ya lugha ya Kinyakyusa, na baadhi ya vitu walipewa kwa hiari. Lakini mtoto wa Kiwira au Lwangwa hana nauli ya kwenda kuiona kazi ya babu yake.

Wapo wanaosema kwamba ni afadhali vikae Ulaya, maana huko viko salama. Wajibiwe kwa mfano wa Kyimbila. Mmoravian Adolf Stolz alikusanya huko maelfu ya mimea, na mingi ilipelekwa Berlin. Mwezi Machi mwaka 1943 mabomu yaliichoma hazina ya mimea mikavu ya Berlin, na sehemu kubwa ikateketea. Kilichosalia cha Stolz kimesalia kwa kuwa nakala zilikuwa zimegawanywa katika nchi nyingine. Usalama, basi, si mali ya Ulaya peke yake.

Hata kurudishwa kuna siasa yake. Katika makumbusho madogo ya Kalenga, Iringa, limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 kuliko kutiwa mikononi mwa Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza lirudishwe, lakini lilirudi mwaka 1954 tu, likiletwa na Gavana Twining, wakati Uingereza ilipohitaji utii wa Wahehe huku Kenya ikiwaka moto wa Mau Mau. Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba radhi kwa mauaji ya vita vya Maji Maji. Ombi hilo tunalipokea kwa heshima. Lakini nani atakayejua la kudai, kama sisi wenyewe hatujui kilichotoka?

Hatari mbili

Hatari ya kwanza ni kuyadharau ya kale. Hatari ya pili, ambayo huwanasa zaidi makada, ni kuyaabudu.

Mfano wake ni vijiji vya marika vya Wanyakyusa. Vijana wa umri wa miaka kama 10 walianza kujenga vibanda vyao kando ya kijiji cha baba zao, wakala pamoja na kukua pamoja, mpaka siku ya ubusoka ambapo kizazi chao kilikabidhiwa nchi. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti huko katika miaka ya 1930, na Monica akaandika kitabu kizima juu ya ushirika huo. Kada mwenye haraka atasema, "Tazama, ujamaa wetu!" Ni kweli kwamba maadili ya kula pamoja na kusaidiana yalikuwapo. Lakini ng'ombe walikuwa wa wazee. Kijana alingoja miaka mingi kupata mahari, huku mzee tajiri akiongeza wake. Na kijiji kilihesabiwa kwa wanaume. Mwalimu Nyerere katika "Ujamaa Vijijini" mwaka 1967 hakuficha kasoro hizo: alitaja unyonge wa wanawake na umaskini. Makumbusho mema yaonyeshe sufuria waliyolia pamoja, na pia yaonyeshe nani aliyebeba kuni za kuipikia.

Namna ya kufanya ziara

Kutokana na uzoefu wetu wa kufundisha, tunapendekeza hatua zifuatazo:

(1) Kabla ya safari, kundi lisome historia ya mahali na ligawane maswali. Kundi la watu 40 lisilo na maswali ni msafara wa arusi.

(2) Kila mwanafunzi achague kitu kimoja tu na akae nacho nusu saa. Aandike: kimetengenezwa kwa nini, na nani, kwa kazi ya muda gani, kwa faida ya nani, na kimefikaje hapa.

(3) Mzee mmoja wa mahali aalikwe azungumze, na asikatizwe. Jina lake na maneno yake yaandikwe kwa ruhusa yake.

(4) Kisichukuliwe kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inataka kibali kwa kuchimba na kwa kutoa nje vitu vya kale. Kada anayenunua sarafu ya kale ufukoni ili aweke sebuleni anafanya kwa udogo kile alichofanya mkoloni kwa ukubwa.

(5) Baada ya kurudi, kundi lijadili na kutoa taarifa kwa wananchi wa mahali, si kwa chuo peke yake.

Hatua ya mwisho inatugusa sisi wa Chama. Tumeona ofisi za matawi ambamo daftari za mikutano ya TANU zimeliwa na mchwa, na kadi za waasisi zimetupwa wakati wa kupaka rangi. Hatuwezi kumlaumu Mjerumani kwa mchwa wetu. Shule moja, kata moja, chumba kimoja kikavu chenye rafu na daftari la kuandikia: hayo yanatosha kuanzisha makumbusho, nayo hayangoji mfadhili.

Hitimisho

Tumesema kwamba makumbusho madogo ni darasa, na kwamba somo lake kuu ni kazi ya watu: nani aliifanya, nani aliinyang'anya, nani ameisahau. Rungwe ina somo hilo katika boma, jembe, chungu na shamba la chai. Wazee wanaoweza kutueleza wanapungua kila mwaka, na hakuna sheria inayoweza kuwarudisha. Kwa hiyo kada atakayepelekwa Tukuyu asingoje ratiba ya ziara. Akimaliza kazi ya mchana aende kwa jirani aliye mzee, aombe kuonyeshwa kitu cha zamani kilicho ndani ya nyumba, na aulize jina la aliyekitengeneza. Aliandike.