Bakuli la Kila Mmoja

Je, mama, mtoto wako mdogo anakula kwenye sahani ya nani? Ana bakuli lake mwenyewe, au anachota kwenye sinia moja na kaka na dada zake wenye mikono mirefu na vinywa vyepesi? Swali hili ni dogo, lakini jibu lake linaweza kuonekana katika mwili wa mtoto huyo maisha yake yote.

Leo tutalitazama kwa njia isiyo ya kawaida. Twende kwanza mbali, mpaka Japani, tukae katika mkahawa ambao watu hupanga foleni kuuingia. Kisha turudi jikoni kwetu hapa Mbesa, Tunduru na Songea.

Rameni ni chakula gani?

Rameni ni tambi za ngano ndani ya supu ya moto. Juu yake hupangwa vipande vya nyama, yai, majani ya vitunguu na mboga nyingine. Si chakula cha wakubwa. Ni chakula cha dereva wa lori, cha mwanafunzi, na cha karani anayetoka kazini usiku. Kwa Wajapani ni kitu cha kila siku, kama vile supu na chapati ya asubuhi ilivyo kwetu, au urojo kwa watu wa Unguja.

Kuna supu za namna nyingi. Nyingine hukolezwa kwa chumvi tu, nyingine kwa mchuzi wa soya, nyingine kwa miso, yaani soya iliyosagwa na kuchachushwa. Katika kisiwa cha Kyushu, mifupa ya nguruwe huchemshwa kwa saa nyingi mpaka supu inakuwa nyeupe kama maziwa.

Na zile tambi zina siri ambayo mama wa Ruvuma hatashangaa kuisikia. Unga wake hukandwa kwa maji yenye chumvichumvi za jamii ya magadi. Ndiyo, magadi! Sisi tunayatia kidogo kwenye maharage au mlenda ili vilainike upesi. Wao huyatia kwenye unga wa ngano, na tambi zinakuwa za manjano, zinateleza na kuvutika bila kukatika. Kitu kilekile, jiko jingine, kazi nyingine.

Chakula cha wageni na cha wakati wa shida

Usidhani kwamba rameni ilianzia kwa wafalme. Ililetwa na Wachina waliohamia katika miji ya bandari kama Yokohama, baada ya Japani kufungua bandari zake kwa wageni mwaka 1859. Mwaka 1910 mkahawa ulioitwa Rairaiken ulifunguliwa Asakusa, mtaa wa watu wengi mjini Tokyo. Mwenyewe alikuwa Mjapani, lakini wapishi wake walikuwa Wachina waliotoka Yokohama. Watu wakaipenda.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Japani ilikuwa na njaa. Mchele ulikuwa haba. Ngano kutoka Marekani ikaingia kwa wingi, na watu wakaanza kuuza tambi za supu kwenye vibanda vya barabarani. Mtu aliyekuwa na sufuria, moto na mifupa kidogo aliweza kulisha wengine na kulisha nyumba yake pia. Mama lishe wetu wa stendi na sokoni wanaielewa habari hii bila kufafanuliwa.

Mwaka 1985 Mjapani Juzo Itami alitoa filamu inayoitwa Tampopo. Inamhusu mwanamke mjane mwenye mtoto wa kiume na kimkahawa cha rameni kisichovutia wateja. Mjane huyu hakukata tamaa. Alikwenda kuonja kwenye mikahawa mingine, akauliza, akajaribu, akakosea, akajaribu tena, mpaka siku wateja walipoinua mabakuli yao na kunywa supu hadi tone la mwisho. Ni filamu ya kuchekesha, lakini imebeba heshima kubwa kwa kazi ya kupika. Siku hizi, katika Japani yenyewe, heshima hiyo imeonekana hadharani: mwezi Desemba 2015 mkahawa mdogo wa Tsuta mjini Tokyo ulikuwa mkahawa wa kwanza wa rameni kupewa nyota ya Michelin, alama inayotolewa kwa mikahawa bora duniani.

Je, sisi tunaipa heshima gani kazi ya mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha moto?

Karibu ndani

Tuseme sasa wewe na baba watoto mmefika mlangoni. Mtasimama kwenye foleni, kwa kuwa mkahawa ni mdogo. Pengine una viti kumi tu, vyote vikiitazama kaunta, na nyuma ya kaunta ndipo mpishi alipo. Mahali pengi kuna mashine karibu na mlango. Unatia fedha, unabonyeza kitufe cha chakula unachotaka, inakupa tiketi. Tiketi hiyo unamkabidhi mpishi. Kwa njia hii mikono inayopika haishiki fedha. Hilo pekee ni somo la usafi.

Maji ya kunywa ni ya bure. Bakshishi haitolewi.

Wajapani wengi, kabla ya kula, husema neno moja la kupokea chakula kwa unyenyekevu: itadakimasu. Wakimaliza husema gochisosama, yaani wanashukuru kwa kulishwa vizuri. Mara nyingi mgeni humwambia mpishi neno hilo akiwa anatoka. Sisi tumezoea kuomba na kushukuru kabla ya kula, nayo ni desturi njema. Lakini ni mara ngapi watoto wetu, na baba yao, wanamgeukia aliyepika na kusema, "Asante mama, chakula kilikuwa kizuri"?

Jambo moja litakushangaza. Watu hula kwa sauti! Wanazivuta tambi kwa vijiti na kuzifyonza, nawe utasikia mkahawa mzima ukifanya "fyuuu". Kwetu mtoto akila hivyo angeambiwa aache mara moja. Kule si utovu wa adabu. Hewa inayoingia pamoja na tambi hupoza chakula cha moto na kuongeza harufu yake. Tena hawakai wakizungumza, maana tambi zikikaa sana kwenye supu hulainika na kupoteza utamu. Wanakula, wanashukuru, wanampisha mwingine.

Tazama bakuli lenyewe

Sasa angalia kilicho mbele yako. Kila mtu amewekewa bakuli lake. Ndani ya kila bakuli kuna tambi zake, nyama yake, yai lake na majani yake. Hakuna anayepata nyama zote huku mwingine akipata supu tupu. Hakuna anayekula haraka akamwacha mwenzake na maji.

Turudi nyumbani. Katika nyumba nyingi, kuku akichinjwa, mapaja na firigisi ni vya baba na wageni. Wakubwa wanafuata. Mtoto wa miaka miwili anamwagiwa mchuzi juu ya ugali, na mama anaridhika akisema, "Amekula kuku." Hapana, mama. Amekula ugali uliolowa. Mchuzi una ladha na harufu ya nyama, lakini sehemu kubwa ya kile kinachojenga mwili imebaki kwenye mnofu. Hata supu ya mifupa, ambayo tunaisifu sana, haiwezi kuchukua mahali pa nyama, yai, samaki au maharage.

Mkoa wetu wa Ruvuma una sifa ya kulima. Mahindi yetu hulisha mikoa mingine. Tunduru ina mpunga na korosho. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wa Ruvuma walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa Tanzania nzima ni watoto 30 katika kila 100. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake, na mara nyingi ubongo wake pia haukupata ilichohitaji. Sehemu kubwa ya madhara haya hutokea kati ya mimba na mwaka wa pili wa mtoto. Baadaye ni vigumu sana kuyarudisha nyuma.

Basi tatizo si ghala tupu peke yake. Magonjwa, maji machafu, na mama kuzidiwa na kazi za shamba, vyote vimo. Lakini mgawanyo wa chakula umo pia, na huo uko mikononi mwetu wenyewe. Mtoto mdogo hula polepole. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo anahitaji kula mara nyingi. Kwenye sinia la watu sita hawezi kushindana. Mpe bakuli lake. Hapo utaona kwa macho yako amekula kiasi gani, na kama hakumaliza utajua mapema kwamba anaumwa.

Tambi za pakiti

Huenda unasema, "Rameni ya mkahawani mimi nitaipata wapi?" Lakini ndugu yake yuko dukani. Zile tambi za pakiti zinazoiva kwa dakika chache zilianza na mtu mmoja, Momofuku Ando, aliyezaliwa Taiwan mwaka 1910. Baada ya vita, mjini Osaka, aliona watu wakipanga foleni kwenye baridi ili wapate bakuli la rameni. Hakuisahau foleni ile. Miaka ilipita, biashara zake zikaanguka, naye akajifungia katika kibanda nyuma ya nyumba yake akitafuta namna ya kuzikausha tambi ili zikae muda mrefu. Inasimuliwa kwamba alipata jibu jikoni, alipomtazama mkewe akikaanga chakula kwenye mafuta ya moto: maji yalitoka kwenye unga yakiacha vitundu vidogo. Tarehe 25 Agosti 1958, akiwa na miaka 48, akaanza kuuza tambi zake za kuku. Zikaenea dunia nzima.

Ni uvumbuzi mkubwa, nao umewasaidia wengi wakati wa maafa. Lakini pakiti ile ni ngano, mafuta na chumvi. Ndani hamna yai, nyama wala mchicha, hata kama picha ya nje inavionyesha. Mtoto akiishi kwa tambi hizi kila jioni kwa sababu "anazipenda na zinaiva haraka", anashiba bila kujengwa.

Chumvi nayo ni jambo la kuangaliwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, na mtoto kidogo zaidi. Bakuli moja la rameni, likinywewa supu yote, linaweza kufikia kiasi hicho au kukizidi. Ndiyo maana Wajapani wengi wanaojali shinikizo la damu huacha supu ndani ya bakuli. Ukipika za pakiti, tia nusu tu ya kile kiungo, kisha ongeza yai na mboga za majani.

Jaribu nyumbani: supu ya tambi kwa watu 6

Mahitaji: kuku 1 wa kienyeji, unga wa ngano nusu kilo, mayai 8, vitunguu 2, karoti 2, tangawizi kipande kimoja, mchicha au majani ya maboga fungu 1, chumvi kidogo.

1. Mkate kuku, mchemshe polepole katika maji lita 3 pamoja na vitunguu na tangawizi mpaka nyama iwe laini sana. Enguа povu linalopanda.

2. Kanda unga kwa mayai 2, chumvi kidogo na maji kama nusu glasi. Unga uwe mgumu kuliko wa chapati. Ufunike kwa nusu saa, kisha usukume mwembamba, unyunyizie unga mkavu, ukunje na kuukata vipande vyembamba kama kamba.

3. Chemsha mayai 6 mpaka yaive kabisa. Chambua nyama kutoka kwenye mifupa.

4. Tia karoti zilizokatwa kwenye supu, halafu mchicha dakika za mwisho. Onja chumvi.

5. Chemsha tambi katika sufuria nyingine yenye maji yanayotokota kwa dakika 3 hadi 4, uzichuje.

6. Panga mabakuli 6 mezani au kwenye mkeka. Gawa tambi, nyama, mboga na yai moja kwa kila bakuli, ndipo umwage supu. Kwa mtoto mdogo kata tambi fupifupi na upondeponde nyama na yai.

Kama kuku hayupo, dagaa wa Ziwa Nyasa au maharage yatafanya kazi hiyo vizuri.

Kabla ya kuwaita watu kula, simama kidogo uyatazame mabakuli yote. Je, lililo dogo kuliko yote lina nyama ndani yake? Kama lina mchuzi tu, bado hujamaliza kupakua.