Tufanye mazoezi pamoja, tujikinge na presha na kisukari

Ndugu wakaaji wa kambi pamoja na wenyeji wetu wa Kasese na Bwera,

Wengi waliovuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo walikuwa wakulima. Kule Beni na Lubero mtu alipanda mlima asubuhi kwenda shambani na kurudi jioni na mzigo kichwani. Katika maisha ya kambi siku nyingi hupita watu wamekaa: wanangoja chakula, wanangoja karatasi, wanangoja habari za nyumbani. Mwili uliozoea kazi ukikaa tu, unaanza kuharibika pole pole.

Kwa nini mazoezi?

Presha haipigi hodi. Mara nyingi mgonjwa hasikii maumivu yoyote, na wengine hujua siku ile wanapopooza upande mmoja. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti, ni presha. Mazoezi hushusha presha, husaidia mwili kutumia sukari, huleta usingizi na kupunguza mawazo mengi kwa watu waliopita katika vita.

Mazoezi kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri hivi:
- Mtu mzima: angalau dakika 150 kwa wiki, kwa mfano dakika 30 kwa siku 5. Unaweza kuzigawa, 10 asubuhi na 20 jioni.
- Mtoto wa miaka 5 hadi 17: dakika 60 kila siku. Kuruka kamba na kucheza mpira vinatosha.
- Mzee wa miaka 65 na zaidi: aongeze mazoezi ya kusimama imara, siku 3 kwa wiki, ili asianguke.

Tembea kwa haraka kiasi kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Je, kuchota maji ni mazoezi?

Ndiyo. Mama anayebeba jerikeni ya lita 20, anayelima na kutafuta kuni, tayari mwili wake unafanya kazi. Yeye anahitaji msaada na mapumziko. Baba anayeshinda kwenye karata anaweza kuanza mazoezi yake kwa kubeba jerikeni hiyo.

Jinsi ya kuanzisha kikundi

1. Kusanyeni majirani 10 hadi 15. Mtu peke yake huacha upesi. Akingojewa na wenzake hutoka.
2. Chagueni asubuhi mapema, au baada ya saa 11 jioni, kwa sababu jua la tambarare ya Kasese ni kali. Akina mama waende pamoja, kukiwa na mwanga.
3. Tumieni uwanja wa mpira au njia ndogo. Epukeni barabara kuu ya Mpondwe yenye malori.
4. Anzeni pole pole kwa dakika 5, kisha tembeeni au chezeni ngoma dakika 20, mmalize kwa kunyoosha viungo dakika 5.
5. Waalikeni wenyeji. Mnande na Mkonzo wanaelewana kwa lugha zao, na urafiki wa uwanjani husaidia hata siku za shida.
6. Mwombeni muuguzi wa kituo cha afya aje kuwapima presha.

Nani aulize kwanza?

Mama mjamzito, mgonjwa wa moyo, anayetumia dawa za presha au kisukari, na mzazi wa mtoto aliye kwenye chakula cha lishe, wazungumze kwanza na muuguzi. Mwenye homa apumzike. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha mara moja na uende kituo cha afya.

Chakula pia

Chumvi ya Ziwa Katwe ni sifa ya Kasese, lakini mtu mzima asizidishe kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, pamoja na chumvi iliyo ndani ya chakula. Punguza mafuta, waragi na sigara.

Kumbuka: Juni 2019, Ebola ilipofika Bwera, watu walijifunza kunawa mikono na kutoshikana. Ikitangazwa tena, fuateni maagizo, kila mmoja afanye mazoezi kwake. Na usiache dawa za presha kwa kuwa umeanza mazoezi. Daktari ndiye anayepunguza dawa.