Taa Nyekundu ya Sabufa Hula Umeme

Uzimapo sabufa kwa rimoti, taa nyekundu husalia ikiwaka. Hiyo ni ishara kwamba chombo kimesinzia tu, kikingoja amri, na uniti za LUKU zaendelea kupungua. Hesabu yake ni nyepesi: chombo kilacho wati 10 kikiwa kimesinzia, kikiachwa hivyo saa 24 kwa siku 365, humaliza uniti 87.6. Ulaya, tangu 2013, vifaa vingi vipya vimewekewa kikomo cha nusu wati. Sabufa kongwe haina mpaka huo. Aidha, umeme ukikatika kisha ukarejea kwa kishindo, chombo kilichosinzia huweza kuungua. Basi kabla ya kulala, tupunguze sauti, tuzime chombo chenyewe, kisha swichi ya ukutani. Watoto nao tuwazoeze.